Mizani Iliyomo Miilini Mwetu



Mola wetu ametaja mizani katika Suratur-Rahman. Wengi wetu tukilisikia neno hilo hukumbuka mbingu na nyota, au mizani ya dukani. Lakini iko mizani nyingine ndani ya miili yetu, nayo haipumziki usiku wala mchana.

Tuitazame sukari ya damu. Mtu akila, sukari hupanda. Hapo kongosho, kiungo kidogo kilicho nyuma ya tumbo, hutoa insulini, nayo huiingiza sukari viungoni, na ziada ikawekwa akiba katika ini. Njaa ikiingia, kongosho lilo hilo hutoa homoni nyingine, glukagoni, inayoliamrisha ini lirejeshe akiba ile damuni. Ndiyo maana mwenye afya hufunga saa 13 na ubongo wake usikose chakula. Subhanallah!

Mgonjwa wa sukari mizani yake ina kasoro. Anayejidunga insulini, dawa ile huendelea kuishusha sukari hata akiwa hajala kitu.

Ramadhani iliyopita mama mmoja wa mtaani kwetu alianguka jikoni baada ya Alasiri, akipika futari. Alikuwa akitumia insulini, na daktari alikwisha mkataza kufunga. Alichelea wakwe zake wasije wakamwona mzembe wa ibada. Nami, bila ya kuijua hali yake, nilikuwa nimemsifu kwa subira yake mbele ya darsa ya kina mama. Alhamdulillahi alipona, lakini sifa ile yanitia haya mpaka leo.

Mama zangu, ruhusa ya mgonjwa imo katika Suratul-Baqara, aya ya 184 na 185. Ni hukumu ya Mola, si huruma ya daktari. Anayetarajiwa kupona atalipa siku zake baadaye. Asiyetarajiwa, katika madhehebu yetu ya Shafi, hutoa mudi moja ya chakula kwa maskini kwa kila siku.

Muone daktari kabla mwezi haujaandama. Akikuruhusu kufunga, akupangie dawa upya. Kutoboa kidole kupima damu hakubatilishi saumu. Kipimo kikishuka chini ya 3.9, au ukiona kutetemeka, jasho jingi, moyo kwenda mbio au akili kuvurugika, fungua papo hapo kwa sharbati au maji ya sukari, ijapokuwa imebaki robo saa kuadhiniwa Magharibi. Aliyezimia asitiwe kitu kinywani, akimbizwe hospitali.

Nanyi waume na wakwe, msimhoji mwanamke mbona hakufunga. Mwili ni amana, na huenda yeye yumo katika kuilinda.

Wallahu a'lam. Wabillahi tawfiq.