Diposito ya mteja si mtaji wa fundi

Ujumbe unaingia kwenye simu: umepokea shilingi 60,000. Kwa fundi aliyekaa miezi minane akihangaika na kifaa kipya, hakuna mlio mtamu kuliko huo. Kuna mtu ameiamini kazi yake hata kabla ya kuiona. Sisi wa malipo ya simu pia tunaufurahia, tuseme ukweli, kwa sababu pesa zikipita kwetu nasi tunapata riziki. Lakini leo tunataka kusema jambo ambalo huenda lisimpendeze kila mtu. Hizo 60,000 bado si za fundi. Ni deni. Zitakuwa zake siku mteja atakapopokea alichoagiza kikiwa kinafanya kazi.

Wengi watasema hilo wanalijua. Basi hebu tulipime kwa mfano wa kazi ngumu kweli, si ya kushona sare wala kuchomelea geti.

Kazi inayoonekana rahisi

Mashine ya milingi huchonga chuma, aluminiamu au plastiki kwa kisu kinachozunguka. Zile ndogo za kuwekwa juu ya meza, nyingi zikitoka Uchina, zimewafikia wenye karakana ndogo na watu wanaopenda tu kujitengenezea vitu vyao. Ukiiunganisha na kompyuta, inafuata maagizo yenyewe. Tatizo ni visu. Kazi moja inataka kisu kipana cha kusawazisha, chembamba cha kuchonga, drili ya kutoboa, na kadhalika. Kompyuta ikifika kwenye agizo la M6, yaani badilisha zana, mashine ndogo inasimama na kumngoja mwenyewe aje na spana.

Piga hesabu. Vipande 20, kila kimoja kikitaka visu 6, ni mabadiliko 120. Kila badiliko likichukua dakika 2, saa 4 zimeisha ukiwa na spana mkononi. Ndiyo maana mtu anawaza: si nitengeneze kifaa cha kubadilisha visu chenyewe, kisha niwauzie na wenzangu?

Wazo ni zuri na si geni. Huko Marekani, kampuni ya Tormach iliuza kibadilisha zana chenye nafasi 10 kwa mashine yake ya PCNC 1100. Ilibidi kwanza itafutiwe njia shida moja ya zamani. Spindo nyingi za mashine ndogo zina tundu la aina ya R8, lililobuniwa kwa mashine za Bridgeport zilizobadilishwa visu kwa mkono. Njia waliyotumia ni kuacha kishikio cha R8 ndani ya spindo na kubadilisha tu vishika-visu vyenye shina lililonyooka la robo tatu ya inchi. Kishikio kinalegezwa kidogo tu, kisu kinatoka, kingine kinaingia.

Ukiitazama inavyofanya kazi, utadhani ni mchezo. Washa zilizopinda kama sahani hupangwa juu ya spindo, zikavuta fimbo ya katikati na kukibana kisu. Silinda ya upepo ikizisukuma chini, kisu kinaachiliwa. Sahani ya duara inazunguka na kuleta kisu kingine. Basi.

Kufanya kazi mara moja si kuwa tayari

Sasa njoo kwenye undani wake. Chenga moja ya chuma ikibaki kati ya kishikio na spindo, kisu kinakaa upande na tundu linatoka pana. Kila kisu kina urefu wake uliohifadhiwa kwenye kompyuta, kwa hiyo lazima kirudi pale pale kila kinapoingia. Kikikaa chini kidogo tu, kitazama kwenye kazi ya mteja, au kwenye meza ya mashine. Washa zikiwa dhaifu, kisu kinateleza wakati wa kukata. Zikiwa ngumu kupita kiasi, silinda haiwezi kuzisukuma. Na lazima pawe na kizuizi kinachohakikisha kwamba kishikio hakifunguki spindo ikiwa inazunguka, kwa sababu kisu kikiruka kwa kasi hiyo hakichagui cha kugonga.

Halafu kuna stima. Sote tunajua zinavyopotea bila hodi. Kifaa kilichobuniwa vizuri hubana kwa nguvu ya washa na hutumia upepo kuachilia tu, ili stima zikipotea kisu kibaki kimeshikwa. Aliyebuni kinyume chake ametengeneza hatari.

Mtu anayejitengenezea chake anaweza kuishi na kifaa kinachokwama mara moja katika mabadiliko 50. Anakijua, anasimama karibu, anakigonga kidogo, kinaendelea. Mteja hawezi. Mteja amelipa ili aondoke pale. Tena mashine ya mteja si kama ya fundi: nguzo yake ina upana mwingine, programu inayoiendesha ni nyingine, Mach3 kwa huyu na LinuxCNC kwa yule. Kila tofauti ni simu ya saa mbili usiku: "Boss, kile kitu chako kimekataa."

Pesa zinapotelea hapo

Tuseme bei ni shilingi 150,000 na fundi anaitisha diposito ya 60,000. Anaonyesha video ya sampuli yake ya kwanza, nayo inavutia. Watu 10 wanatuma. Sasa ana 600,000 kwenye simu, na hajawahi kushika pesa kama hizo kwa mpigo. Anaenda kununua aluminiamu ya vifaa 10 na kukata sahani zote kwa pamoja, maana kwa jumla ni nafuu. Anaagiza silinda 10. Analipa kodi ya karakana ya miezi mitatu. Na kwa kuwa yeye pia ni mzazi, karo inatoka humo humo.

Kisha anajaribu kifaa cha pili na kugundua kwamba sahani inapinda kidogo ikibeba visu vizito. Sampuli haikuonyesha hivyo kwa sababu ilijaribiwa na visu vitatu vyepesi. Inabidi sahani iwe nene zaidi. Zile 10 zilizokatwa zimekuwa vyuma chakavu, na pesa za kununua nyingine hazipo. Anafanya nini? Anatafuta mteja wa 11 ili diposito yake itengeneze kifaa cha mteja wa kwanza.

Hapo ndipo tunapotaka kusimama. Huyu fundi hakuanza akiwa mwizi. Hakukusudia kumla mtu. Lakini tangu siku anayotumia pesa za mteja wa 11 kumtuliza wa kwanza, anachoendesha si karakana tena. Simu anaanza kuzipokea kwa kuchagua. Mwisho anazima laini. Wateja 11 wamepoteza pesa, na fundi mwenye kipaji amepoteza jina. Na mteja huyo akikutana na fundi mwingine mwaminifu, hatatoa hata shilingi kabla ya kuona mzigo. Anayelipia kosa hilo ni fundi asiyehusika.

Tunajua mtakachosema

Mafundi watatuuliza: bila diposito tutaanzaje? Benki haikopeshi mtu mwenye wazo na welding mashini tu. Hoja hiyo ina uzito na hatuipuuzi. Diposito imejenga biashara nyingi za jua kali, na hatusemi ikomeshwe. Tunasema ifanye kazi moja: kununua malighafi ya kifaa cha mteja yule yule aliyeitoa. Gharama ya kubuni, kukosea na kukata upya ni ya fundi. Itoke kwenye akiba yake, kwenye kazi zake za kila siku, kwa mshirika anayejua kwamba anaweza kupoteza, au kwa mteja mmoja aliyeambiwa wazi kwamba yeye ndiye wa majaribio na akapunguziwa bei. Kumfanya mteja awe mwekezaji bila kumwambia si haki.

Wanunuzi nao watasema: basi nitalipa kila kitu mwishoni. Hapana. Ukiagiza kifaa cha kupimwa kwenye mashine yako kisha ukabadili nia, fundi atamuuzia nani? Hatari igawanywe.

Tunavyoshauri

Lipeni kwa hatua tatu. Ya kwanza ni ya malighafi, tuseme asilimia 30, ikiwa na makubaliano mafupi yaliyoandikwa: kifaa gani, kwa mashine gani, tarehe gani, na pesa zitarudi vipi kikishindikana. Hata ujumbe wa simu unafaa, mradi pande zote mbili zimejibu. Ya pili ni baada ya kuona kifaa kikibadilisha visu vyote, vizito vikiwemo, mara 100 mfululizo bila kuangusha. Video ya mabadiliko matatu haitoshi. Ya mwisho ni kikishafungwa kwenye mashine yako na kufanya kazi halisi.

Mnunuzi, jiulize kwanza kama unakihitaji. Ukiweza kufunga vipande vyote 20 mezani kwa wakati mmoja, kila kisu kinapita kwenye vyote kabla ya kubadilishwa, na yale mabadiliko 120 yanakuwa 6. Ukiamua kununua, lipa kwa till au Paybill ya biashara, si kwa namba ya shemeji. Soma jina linalotokea kabla ya kuweka PIN. Weka kila ujumbe wa malipo. Na elewa hili: huduma ya kurudisha pesa ni ya aliyekosea namba. Hatuwezi kuitumia kuamua ugomvi wa kifaa kilichochelewa, wala hatushikilii pesa zenu katikati mkisubiri mzigo. Mambo yakiharibika, Mahakama ya Madai Madogo husikiliza kesi za mauzo ya bidhaa zisizozidi shilingi 1,000,000, na unaweza kujiwakilisha bila wakili. Huko, zile jumbe na yale makubaliano ndiyo mashahidi wako.

Fundi, tenga laini au akaunti ya diposito pekee, isiguswe na karo wala kodi. Andika kila shilingi ni ya nani. Usifungue oda ya pili kabla ya kifaa cha kwanza kukaa kwa mteja angalau mwezi mzima. Weka kwenye bei gharama za zile simu za usiku na vipuri vya kubadilisha, maana zitakuja. Kabla ya kuachilia mzigo, angalia salio lako mwenyewe badala ya kuamini ujumbe unaoonyeshwa kwenye simu ya mteja. Na ukichelewa, piga simu wewe kabla hujapigiwa. Mteja aliyeambiwa ukweli husubiri. Aliyefichwa huenda polisi.

Tunatamani kuona vifaa kama hivi vikitengenezwa hapa kwetu na kuuzwa hata ng'ambo. Mikono ipo na akili ipo. Lakini kifaa kizuri hakitauzwa mara ya pili na mtu ambaye simu yake haipatikani. Kwa hiyo ujumbe ule ukiingia, umepokea shilingi 60,000, furahi, kisha jiulize swali moja kabla ya kuzigusa: mteja akizitaka kesho asubuhi, ziko?