Motokaa Kuukuu na Fundi wa Nyumbani

Mwezi huu twapenda kusema juu ya motokaa kuukuu, zile ambazo mwenyewe hulala chini yake siku ya mapumziko na spana mkononi, watoto wakimmulikia, na mama wa nyumba akiuliza dirishani kama kitambaa anachofutia mafuta si ile kanga iliyoanikwa kambani. Jambo hili laonekana kuwa mchezo. Nasi twalipenda kwa mchezo wake. Walakini ndani yake mna elimu ambayo vijana wetu wanakaribia kuipoteza, nayo ni kukijua kitu unachokimiliki.

Mwaka 1969 huko Marekani alitokea John Muir, mtu aliyeacha kazi ya uhandisi akawa fundi wa Volkswagen katika jimbo la New Mexico, akatoa kitabu kiitwacho How to Keep Your Volkswagen Alive, maana yake Jinsi ya Kuiweka Hai Volkswagen Yako. Kichwa chake cha pili chatangaza wazi kuwa kitabu hicho ni cha mjinga kamili. Wengine wangeona hayo ni matusi, lakini watu wengi mno walikinunua. Sababu yake twaiona hivi: asiyejua motokaa haogopi chuma, huogopa kuchekwa. Huingia gereji, huulizwa swali moja juu ya kabureta, huitika "naam" asijue aitikialo, kisha hulipa. Muir alimwita msomaji mjinga tangu mlangoni, aibu ikaisha hapo hapo, kazi ikaanza. Michoro ya Peter Aschwanden iliyomo kitabuni huchekesha, na hata hivyo hufundisha.

Motokaa yenyewe nayo ilimsaidia. Volkswagen ile yenye umbo la kobe haina rejeta wala maji. Injini yake iko nyuma, hupozwa kwa upepo wa feni, nayo imefungwa kwenye giaboksi kwa bolti na nati nne tu. Nyingi za zile zilizotengenezwa kabla ya mwaka 1961 hazikuwa hata na kipimo cha petroli. Injini ikianza kukohoa njiani, dereva alisukuma kishikio kidogo kwa mguu, petroli ya akiba ikafunguka, akaendelea. Aliyesahau kukirudisha kishikio hicho baada ya kujaza tangi, safari nyingine aliimaliza kwa miguu. Na katika baadhi ya zile za miaka ya 1960, maji ya kuoshea kioo yalisukumwa na upepo wa gurudumu la akiba! Basi kioo kikikataa kuoshwa, dawa yake ni kujaza gurudumu upepo. Twamwomba msomaji asicheke upesi, kwani jambo hilo mtoto wa miaka kumi hulielewa kwa kuelezwa mara moja. Ni mangapi katika motokaa za leo tuwezayo kuyasema hivyo?

Afrika Mashariki yaijua motokaa hii vema. Ilishinda mashindano ya Safari mwaka 1954, 1957 na 1962, kwa matope na vumbi la barabara zetu. Wala mafundi wetu wa njiani hawakungoja kitabu. Tangi likitobolewa na jiwe, walisugua sabuni ya mche juu ya tundu, kwa kuwa petroli haiyeyushi sabuni upesi, wakafika mjini. Wenye motokaa za rejeta walitia pilipili manga ili kuziba mvujo, na nyumbani pilau ikakosa viungo.

Lakini ujuzi si hila tu. Katika Volkswagen hii mkanda mmoja huzungusha jenereta na feni pia. Ukikatika, taa nyekundu huwaka. Mwenye motokaa ya namna nyingine aweza kusema, "Hii ni habari ya betri, nitafika". Mwenye hii akisema hivyo ataiunguza injini, maana feni nayo imesimama. Ama tapeti, hizo hupimwa kila baada ya maili 3,000 hivi, injini ikiwa baridi, na kwa injini nyingi za baadaye nafasi yake ni milimita 0.15. Tapeti iliyolegea hupiga kelele. Iliyobana hunyamaza kimya, na valvu yaungua huku mwenyewe akijisifu kuwa injini imetulia.

Pana mahali, hata hivyo, ambapo mzaha hauingii. Jeki ni ya kuinulia, si ya kutegemea. Mtu asiingie chini ya motokaa iliyoshikwa na jeki peke yake. Kwanza iwekwe juu ya vigogo imara, mahali pa sawa, na magurudumu yaliyo chini yatiwe kabari. Mwenye kumulika ashike kurunzi, asishike koroboi karibu na petroli. Na asiyezijua breki amwite azijuaye, alipe, naye asimame karibu atazame.

Volkswagen ya mwisho ya aina hii ilitoka kiwandani Puebla, Mexico, mwezi wa Julai 2003, baada ya kutengenezwa zaidi ya milioni 21 duniani. Kijana atakayepewa moja kuukuu na mjomba wake na aanze na tapeti, alfajiri, kabla mtu hajaiwasha.