Sinema na Lugha ya Umma

Ousmane Sembène, mwongozaji wa sinema wa Senegal aliyefariki dunia mwezi Juni 2007, hakulelewa katika maofisi. Alizaliwa Ziguinchor mwaka 1923, mwana wa mvuvi. Alikuwa kuli katika bandari ya Marseille, akashiriki harakati za chama cha wafanyakazi, na huko ndiko alikoanza kuandika riwaya. Alipotambua kwamba riwaya za Kifaransa haziwafikii watu wa kwao wasiojua kusoma, alikwenda Moscow mwaka 1962 kujifunza sinema, umri wake ukikaribia miaka 40. Kwake yeye, sinema ilikuwa shule ya jioni ya umma.

Shule hiyo ilikuwa na gharama yake. Mwaka 1968 alipotengeneza Mandabi, sehemu ya fedha ilitoka Ufaransa, naye akalazimika kuipiga picha mara mbili: kwa Kifaransa na kwa Kiwolof. Ni ile ya Kiwolof iliyojenga jina lake.

Kisa cha Mandabi kinawahusu hasa watumishi wa serikali. Ibrahima Dieng anapelekewa hawala ya fedha na kijana wa ukoo wake aliyeko Paris. Posta inadai kitambulisho. Kitambulisho kinadai cheti cha kuzaliwa. Kila dirisha linampeleka kwenye dirisha jingine. Mwishowe fedha zinaliwa na jamaa yake msomi. Wanaomdhulumu si wakoloni, bali ni wananchi wenzake waliorithi viti vya wakoloni.

Walimu nao wana fundisho lao. Mwaka 1977 Sembène alitoa Ceddo, sinema iliyogusa dini na biashara ya utumwa. Serikali ya Rais Senghor, ambaye mwenyewe alikuwa mshairi mashuhuri, iliipiga marufuku kwa hoja ya tahajia: jina hilo liandikwe kwa d moja. Sembène alishikilia d mbili, wala hakukubali kuifuta herufi hiyo. Ni dhahiri kwamba anayeamua jinsi ya kuandika lugha ya watu ana mamlaka makubwa juu ya fikra zao.

Miaka 11 baadaye, yeye na Thierno Faty Sow walitoa Camp de Thiaroye, juu ya askari wa Kiafrika waliouawa na jeshi la Ufaransa tarehe 1 Desemba 1944 kwa kudai malipo yao. Safari hii fedha zilitoka Senegal, Algeria na Tunisia. Kama zingeombwa Paris, ni vigumu kuamini kwamba kisa hicho kingesimuliwa kwa ukweli ule ule.

Basi, uhuru wa msanii hauji kwa kutangazwa. Hutegemea nani anayelipa gharama, nani anayetoa kibali, na kama mwananchi wa kawaida ataielewa kazi yenyewe. Nchi inayotaka sinema yake yenyewe haina budi kuigharimia, na kisha kuivumilia inapokosoa. Mwalimu aionyeshe Mandabi darasani. Mtumishi wa serikali naye aitazame, kisha arudi dirishani pake akijua kwamba aliyesimama mbele yake huenda ni Dieng mwingine.