Mashine ya Kukatia Majani: Iwe ya Petroli au ya Betri?

Siku ya mahafali ya mwaka jana wanafunzi wa zamani wa shule yetu walituahidi zawadi. Walisema wameona haya kuwakuta vijana wameinama na mafyekeo katika viwanja vile vile walivyoinamia wao, na kwamba watachanga fedha ili shule ipate mashine ya kukatia majani, ile ambayo dereva huipanda kama trekta dogo. Tulipiga makofi mpaka mabati ya bwalo yakaitikia. Tangu siku hiyo limebaki swali moja, nalo limewagawa walimu, wazazi na hata sisi wa mabwenini: mashine hiyo iwe ya petroli au ya betri? Bodi ya Shule italikata shauri hili muhula ujao. Nimeomba nafasi katika kurasa hizi niseme yangu mapema, maana shauri likiisha katwa, maneno yangu yatakuwa manung'uniko tu.

Kwa wazazi ambao hufika na kuondoka siku hiyo hiyo, yafaa nieleze kwanza ukubwa wa kazi yenyewe. Tuna uwanja wa mpira, uwanja wa netiboli ambao sisi wavulana twautumia kwa mpira wa wavu, bustani ya mbele ya ofisi, nafasi baina ya mabweni, na ule mteremko wa nyuma ya zahanati ambao kila mtu huukimbia. Mwaka huu tulipima kwa kamba pamoja na wenzangu wa somo la Jiografia, tukapata ekari 9 kasoro kidogo. Mvua zikianza Desemba, nyasi hazipumziki mpaka Mei. Kila Jumamosi wavulana 120 hutoka na mafyekeo kwa muda wa saa 3. Zidisha, msomaji: ni saa 360 za watu katika asubuhi moja, na Jumamosi ya pili yake pale tulipoanzia pamekwisha kuota tena.

Nina sababu yangu mwenyewe ya kulishikilia jambo hili. Nilipokuwa kidato cha tatu, asubuhi moja ya mwezi Machi, majani yakiwa na umande, fyekeo langu liliniponyoka mkononi likampata mtoto wa kidato cha kwanza juu ya kifundo cha mguu. Alishonwa nyuzi sita, akakosa mitihani ya majaribio. Baba yake alipokuja, nilikwenda kumwamkia huku magoti yakinitetemeka. Hakunigombeza. Aliniuliza tu, "Mwanangu, hivi hapa huwa mnakata watu wangapi kwa wakati mmoja?" Nikamwambia. Akatikisa kichwa, akaingia zahanati. Sijalisahau swali lile.

Wako wasemao kwamba mashine itatufanya wavivu, na kwamba mwaka 1967 Mwalimu Nyerere alipoandika juu ya Elimu ya Kujitegemea alitaka wanafunzi wafanye kazi kwa mikono. Ni kweli, nami siikimbii kazi. Lakini katika shamba letu la mahindi mtu hujifunza nafasi ya kupandia, mbolea na wadudu, na mwisho wa yote hula. Katika kufyeka uwanja nimejifunza kufyeka, na nilijifunza wiki ya kwanza.

Sasa tuje kwenye mashine. Watu wa petroli, na miongoni mwao yumo mwalimu wangu wa ufundi ambaye namheshimu sana, wana hoja nzito. Kwanza ni bei. Huko Marekani, ambako mashine hizi ni nyingi, ndogo ya petroli ya kupanda huanza kama dola 2,000, na ya betri mara nyingi ni dola 3,000 hadi 5,000, kabla ya meli na ushuru. Pili, petroli ikiisha wamimina nyingine kwa dakika mbili na kazi yaendelea. Betri ikiisha, mashine yarudi kulala kwenye chaja kwa saa kadhaa. Tatu, na hili ndilo linalonisumbua kuliko yote, ni mafundi. Injini ya petroli ikigoma, fundi yeyote wa pikipiki pale mjini atafungua plagi, atasafisha kabureta, na jioni mashine itanguruma. Mashine ya betri ikigoma, ndani yake mna saketi zenye kuamuru mota, na sijui mjini petu nani atazifungua bila kuziharibu zaidi.

Hizo ni hoja za watu wenye akili, wala sitazipuuza. Lakini zote, isipokuwa ile ya mafundi, zaangalia siku ya kununua. Mimi naangalia miaka ya baadaye, wakati waliotoa zawadi wamekwisha kwenda makwao na sisi tumebaki na tangi la kujaza.

Nimefanya hesabu hii mwenyewe na mwalimu wa Fizikia ameipitia. Lita moja ya petroli ina joto la kadiri ya uniti 9 za umeme. Injini ndogo hutumia kama sehemu moja katika tano tu ya joto hilo kuzungusha visu na magurudumu. Zilizosalia hupotea bure katika moshi na katika chuma kinachochemka. Kwa hiyo lita nzima yatupa kazi isiyofika uniti 2. Mota ya umeme haina ubadhirifu huo: hata ukihesabu kinachopotea katika chaja na katika betri, uniti 2 na nusu kutoka ukutani zatosha kwa kazi ile ile. Kwa bei ya kawaida tuliyoizoea, shilingi 1,000 ya LUKU hununua kama uniti 2.8. Mwaka 2024 lita ya petroli ilipita shilingi 3,000. Basi kazi iliyotaka shilingi 3,000 kwa petroli yafanyika kwa shilingi 900 hivi kwa umeme. Tena bei ya petroli hutangazwa upya kila mwezi, na Mhasibu wetu hawezi kupanga bajeti ya mwaka kwa kitu kibadilikacho mara kumi na mbili. Tangu mwaka 2016 shule za serikali hazitozi ada mpaka kidato cha nne, jambo ambalo bila hilo mimi nisingekuwa hapa. Lakini maana yake ni kwamba hakuna mfuko wa ada wa kuchotea dumu la petroli kila wiki.

Naomba nisamehewe kwa neno linalofuata. Petroli ni kitu kinachopendwa na watu wengi. Dumu lililojaa siku ya Ijumaa laweza kuwa nusu siku ya Jumatatu, na jenereta yetu ni shahidi. Simtaji mtu, wala sidhani kwamba yuko mwizi. Leo pikipiki ya huyu imeishiwa njiani, kesho mgonjwa ahitaji kupelekwa hospitali, na kila mmoja asema atarudisha. Lakini sijapata kuona mtu akibeba umeme wa mashine ya majani katika chupa ya maji.

Kadhalika kuna habari ya likizo. Petroli ikikaa miezi ndani ya tangi huharibika na kuacha ulimbo katika kabureta, ndiyo sababu mashine nyingi za namna hii huwaka siku ya kwanza kwa matusi. Betri ya lithiamu haitaki makubwa: iachwe na chaji ya nusu hivi, mahali penye kivuli pasipo joto kali, basi.

Na kelele! Mashine ya petroli ikipita chini ya dirisha, mwalimu wa Hisabati hunyamaza, nasi twamtazama akitazama nje. Ya betri nayo husikika, maana visu hukata upepo, lakini mtu aweza kuendelea kufundisha. Kwa shule hilo si dogo, kwani lamaanisha kwamba dereva aweza kufanya kazi saa za masomo, asingoje Jumamosi.

Juu ya moshi nitasema kwa ufupi. Katika jimbo la California ofisi ya serikali inayosimamia usafi wa hewa ilikadiria kwamba mashine ya majani ya petroli inayotumiwa na makampuni, ikifanya kazi saa moja, hutoa uchafu wa kuzalisha ukungu mbaya wa mijini sawasawa na gari dogo la mwaka 2016 likienda maili 300, yaani karibu kama toka Dar es Salaam hadi Iringa. Mwaka 2021 ikatiwa sahihi sheria ya kukomesha uuzaji wa injini mpya ndogo za namna hiyo huko. Ni habari ya kutafakari, lakini hewa yetu siyo ya Los Angeles, na mashine moja haitaichafua wilaya. Anayevuta moshi ule ni dereva aliyeketi juu yake, naye ni baba wa watoto wanne. Kwangu mimi huyo mmoja atosha.

Sasa kasoro za betri, maana mwenye kusifu upande mmoja tu hununuliwa soda na muuzaji. Mashine za betri za ukubwa wa kawaida, watengenezaji husema zakata ekari 2 au 3 kwa chaji moja, na katika majani mazito au kwenye mteremko hupungua. Sisi tuna ekari 9. Basi haitamaliza kwa siku moja. Itachukua siku nne au tano, Jumatatu mpaka Ijumaa, kipande kwa kipande. Je, kuna ubaya gani? Nyasi zetu hazina miadi. Kuhusu umeme kukatika, mgao wa mwisho wa mwaka 2023 twaukumbuka sote, tulipokuwa tukisoma kwa tochi. Tangu mwaka 2024 bwawa la Julius Nyerere katika Rufiji limeanza kutoa umeme, na mitambo yake 9 ina uwezo wa megawati 2,115. Umeme bado hukatika, lakini huku kukatika kwa saa chache hakuwezi kuidhuru mashine inayohitaji chaji ya usiku mmoja tu.

Kuna betri na betri, na hapa ndipo naiomba Bodi ifumbue macho. Mashine nyingine za kupanda huuzwa na betri za risasi na asidi, kama za magari, na hizo ni rahisi. Ukizimaliza chaji mara kwa mara hufa upesi, pengine kabla ya miaka michache kupita, na nyingi zadai kuongezwa maji safi yaliyotoneshwa. Tena risasi ni sumu. Katika mtaa wa Owino Uhuru, Mombasa, watu waliugua kwa sababu ya kiwanda kilichoyeyusha betri chakavu. Phyllis Omido aliyewatetea alipewa Tuzo ya Goldman mwaka 2015, na mwaka 2020 mahakama iliamuru walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya. Betri ya aina hiyo ikitufia, najua itakapotupwa: nyuma ya stoo, pale kuku wa jikoni wanapochakura. Tuchukue ya lithiamu, ijapokuwa ni ghali zaidi. Nayo itachoka siku moja, na bei yake itashtua. Kwa hiyo ile tofauti ya shilingi 3,000 na 900 isiliwe, iwekwe benki kila mwezi kwa jina la betri mpya.

Hoja ya mafundi nimeiacha mwisho kwa kuwa sina jibu kamili. Pikipiki za umeme zimekwisha ingia Nairobi, Kigali na Dar es Salaam, na vijana wamekwisha anza kuzifungua na kuzifunga; ufundi huo utafika na kwetu. Lakini hatuwezi kununua kwa kutegemea fundi ajaye. Naona tusinunue mashine ya betri kwa muuzaji yeyote asiyeweza kutuonyesha, kwa macho, betri ya akiba na vipuri vilivyomo ndani ya nchi. Kama hayupo muuzaji wa namna hiyo, basi nakubali, tuchukue ya petroli, na dumu lifungwe kwa kufuli yenye funguo mbili, mbali na mabweni.

Mafyekeo hatutayatupa kwa vyovyote. Tukirudi Januari majani hufika kiunoni, na mashine yoyote ile ikitiwa humo itasongwa. Lazima yafyekwe kwanza, ndipo mashine iyaweke chini. Mteremko wa zahanati nao usipandwe na mashine kabisa, maana hupinduka ikamlalia dereva. Huko tutaendelea kwa mikono, lakini watu kumi waliotengana hatua sita sita, si 120 waliobanana.

Ombi langu kwa Bodi ni hili. Kabla fedha hazijatoka, wauzaji waombwe walete moja ya petroli na moja ya betri kwa siku moja. Kila moja ipewe nusu ya uwanja wa mpira, majani ya urefu ule ule. Tupime lita zilizoingia na uniti zilizosomwa kwenye mita. Mimi na wenzangu wawili wa somo la Fizikia tuko tayari kushika daftari, na ikiwa hesabu yangu itaonekana ya uongo, nitaichapa mwenyewe katika toleo lijalo.

Mwanafunzi, Kidato cha IV