Tope la Msimbazi lina wenyewe!

Najua blogu ililala kidogo. Majaribio ya katikati ya muhula yalinibana, na huku Kipawa umeme nao una mambo yake. Leo sina stori za hosteli wala za boom kuchelewa. Leo nina hasira, mnivumilie mpaka mwisho.

Hasira yenyewe ni hii. Nimepeleka mada yangu ya utafiti wa mwaka wa mwisho: wanyama wadogo wanaoishi ndani ya tope la mikoko pale Msimbazi unapoingia baharini, karibu na Daraja la Salender. Mkubwa mmoja (simtaji, na chuo sikitaji) akanijibu: achana na kuhesabu minyoo, tafuta mada yenye tija. Washkaji wakacheka. Mmoja akaniambia nikimaliza nifungue kibanda cha dawa za minyoo Vingunguti.

Sawa, chekeni. Ila mimi nasema hakuna mada yenye tija Dar hii kuliko hiyo, na nchi inayoshindwa kuwapa majina wanyama wa tope lake haina haki ya kusema inalilinda.

Kwanza tuelewane tunaongelea nini, maana wasomaji wengi wa hapa ni watu wa sheria na biashara. Hii siyo minyoo ya tumboni. Hawa ni wanyama wanaoishi katikati ya chembe za mchanga na tope, wadogo kiasi kwamba wanapenya kwenye chujio la tundu la milimita moja na kuja kukwama kwenye chujio la mikromita 63 au hata 38. Molly Mare wa Uingereza aliwatenga kama kundi lao mwaka 1942, na leo wanaitwa meiofauna. Wengi huwa ni nematodi, wembamba kama uzi. Kuna kopepodi, ambao ni ndugu wa mbali wa kamba na kaa. Kuna ostrakodi, waliojifungia kwenye magamba mawili kama kombe. Kuna tadigradi wenye miguu minane wanaojikokota kama dubu aliyeshiba. Kwenye mita moja ya mraba ya tope la pwani si ajabu kukuta zaidi ya milioni moja. Milioni moja, jamani, kwenye eneo la kutandika kijamvi kidogo!

Na usidhani kazi ya kuwatambua iliisha enzi za mababu. Mwaka 1983, wazazi wetu wakiwa kwenye foleni za maduka ya ushirika, Mdenmark Reinhardt Kristensen alitangaza Loricifera, wanyama wa kwenye mashapo ya bahari. Hakutangaza spishi moja tu. Lilikuwa kundi kuu zima, la ngazi moja na lile linalowachanganya samaki, ndege na wewe pamoja. Walikuwepo siku zote, ila hakuna aliyekuwa amewatazama vizuri.

Sasa tuje kwenye hoja yao kubwa: kuhesabu minyoo kuna faida gani?

Kama ni kuhesabu tu, nakubali, faida ni ndogo. Na hapa ndipo ninapogombana na idara zetu. Ukisoma tafiti nyingi za wanafunzi utakuta jedwali limeandikwa "Nematoda: 412" na kazi imeishia hapo. Hiyo ni sawa na polisi kuandika kwenye ripoti kwamba eneo la tukio palikuwa na watu 412. Ni watu gani? Waumini wanatoka kanisani, au vibaka?

Mholanzi Tom Bongers alionyesha mwaka 1990 kwa nini jina ni muhimu. Aliwapanga nematodi kwenye ngazi tano. Wa ngazi ya kwanza wanazaana haraka na kufurahia uchafu, wakimwagiwa kinyesi wao ni sherehe. Wa ngazi ya tano wanazaana polepole, na mazingira yakivurugwa wanapotea mapema. Kwa hiyo sehemu mbili zinaweza kuwa na minyoo 412 kila moja, halafu moja ni nzima na nyingine ni mgonjwa mahututi. Bila kujua wanyama hao ni wa familia gani au jenasi gani, hutaona tofauti. Taarifa yote iko kwenye jina, na jina ndilo tunalolirukaruka kwa sababu linachosha!

Kweli linachosha, sitawadanganya. Unachota tope kwa bomba la sindano lililokatwa mdomo, unalihifadhi kwa fomalini, unachuja, unawaelesha wanyama kwenye kimiminika kizito ili mchanga uzame wao wapande juu. Halafu unawapandisha mmoja mmoja kwenye kioo, ndani ya gliserini, na kuanza kuwachunguza kwa hadubini: umbo la mdomo, meno, viungo vya kunusia pande mbili za kichwa, mkia, na ile miiba ya dume ya kujamiiana. Unapima urefu wa mwili dhidi ya unene, dhidi ya koo, dhidi ya mkia. Unachora kwa mkono. Mnyoo mmoja unaweza kukulia asubuhi nzima, na hakuna desa la kunakili, wajameni. Nadhani ndo maana watu wanakimbia, halafu wanasingizia tija.

Ukiuliza ni nani basi aliyewapa majina wanyama wetu, historia inauma kidogo. Mwaka 1904 na 1905 Mwingereza W. A. Cunnington alikusanya viumbe vya Ziwa Tanganyika. Kopepodi na ostrakodi wake alipewa G. O. Sars wa Norway awaeleze, na ripoti zikatoka 1909 na 1910. Wanyama wa Kigoma walipata majina yao kule kwenye theluji. Simlaumu Sars, alifanya kazi yake na aliifanya vizuri. Nauliza sisi tumefanya nini katika miaka zaidi ya mia iliyofuata.

Tusijidharau lakini, maana mifano ya kwetu ipo. Katika miaka ya 1990 Mtanzania Simon Ndaro, pamoja na Emil Ólafsson, walichunguza nematodi wa fukwe za ndani za Zanzibar. Mwaka 1995, wakiwa na Ron Johnstone, walitoa utafiti kuhusu mashamba ya mwani. Yale mashamba ambayo mama zetu wa pwani ya mashariki ya Unguja wanalima, na ambayo kila mtu aliyasifu kuwa hayana madhara, yalionekana kubadilisha wanyama wa mchangani chini yake. Mwani unaonekana kwa macho na watalii wanaupiga picha. Ila habari ya mchanga ulio chini yake ililetwa na wanyama wa kwenye hadubini.

Jirani zetu Kenya nao wapo. Agnes Muthumbi, Mkenya, mwaka 1997 alieleza spishi mpya za nematodi wa familia ya Comesomatidae kutoka baharini mbele ya pwani ya Kenya, akishirikiana na Karline Soetaert na Magda Vincx wa Ubelgiji. Spishi mpya kabisa kwa sayansi, na jina la Mwafrika ndilo la kwanza kwenye karatasi. Kwa hiyo msiniambie hii ni kazi ya Wazungu.

Turudi Ziwa Tanganyika kwa wale wanaotaka kusikia habari za chakula. Mwaka 1993 Andrew Cohen na wenzake walionyesha kwamba udongo unaoporomoka kutoka kwenye milima iliyokatwa miti unapunguza aina za viumbe ziwani, na ostrakodi walikuwa kati ya mashahidi wao, pamoja na samaki. Huwezi kusema aina zimepungua kama hujui kutofautisha aina, na Cohen aliweza kwa sababu watu kama Sars walikuwa wameshakaa chini na kuzitenganisha.

Sasa nakuja nyumbani. Sisi wa Kipawa tunajua maana ya daftari. Watu walipotakiwa kupisha upanuzi wa uwanja wa ndege, kwanza nyumba ziliandikwa na kuthaminiwa. Muulize mzee yeyote wa mtaani atakueleza hofu ya wakati ule: kama hujaandikwa, kesho utadai nini na kwa nani? Nyumba isiyo kwenye daftari, tingatinga likishapita, ni kama haikuwahi kuwepo.

Tope la Msimbazi liko kwenye hali hiyohiyo. Mwaka 2022 Benki ya Dunia iliidhinisha dola milioni 200 kwa mradi wa bonde la Msimbazi, na kuchimba mashapo ya sehemu ya chini ya mto ni moja ya kazi zake. Siupingi mradi. Nimeona Jangwani ikifurika, nimeona watu wakipoteza magodoro na ndugu. Mto lazima urekebishwe. Lakini tutakapomaliza kuchimba, nani atasema tope limepona au limekufa? Tutalinganisha na nini? Mremi na Machiwa walishapima metali nzito kwenye mikoko ya Mtoni, Msimbazi na Mbweni, wakachapisha mwaka 2003. Kazi nzuri sana. Ila kipimo cha metali kinakuambia kuna nini kwenye tope. Kama kuna anayeweza kuishi humo, hilo utaambiwa na wanyama wenyewe. Na wanyama hao hawakimbii kama samaki. Maisha yao yote yako palepale, kinachomwagwa Vingunguti kikishuka kinawakuta nyumbani.

Kuna wanaosema siku hizi kuna DNA, hadubini ya nini? Ndugu zangu, DNA ni chombo kizuri sana, na mimi nataka tukitumie. Lakini DNA ya mnyama asiyejulikana ni kama namba ngeni kwenye simu. Unajua kuna mtu amepiga, hujui ni nani. Lazima mtu awe ameshaisevu namba ile kwa jina. Kusevu maana yake kumtambua mnyama kwa umbo lake, kumhifadhi, kisha kusoma vinasaba vyake. Asipokuwepo wa kufanya hivyo kwa wanyama wa pwani yetu, mashine itaturudishia orodha ndefu ya "hajulikani" na bili ya dola.

Wengine wanasema nchi ina shida kubwa zaidi: ajira, maji, kipindupindu. Kweli kabisa. Lakini maji machafu ya kipindupindu na maji machafu ya tope ni maji yaleyale. Na ajira? Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inataka miradi mikubwa ifanyiwe tathmini ya athari kwa mazingira. Bandari, madaraja, mabomba ya gesi, vyote vinagusa mashapo. Kama hakuna Mtanzania anayeweza kuwatambua wanyama wa humo, ama tutamlipa mgeni, ama ripoti itaandika "wanyama wa tope ni wengi" na kugongwa muhuri. Hapo nani aliyeua ajira, mimi na minyoo yangu?

Sasa nasema ninachotaka, nisije nikaambiwa nalalamika tu.

Moja. Utafiti wa mwanafunzi usipite kama umeishia kwenye "Nematoda". Afike angalau kwenye familia, na aache vioo vyake kabatini, vikiwa na lebo ya mahali na tarehe, ili wa mwakani aanzie hapo. Sasa hivi kila mwaka tunaanza sifuri, na sampuli za waliotutangulia zinakauka kwenye chupa.

Mbili. Tuwe na mkusanyiko mmoja wa taifa wa wanyama wa mashapo. Ukae Dar au Zanzibar kwenye Taasisi ya Sayansi za Bahari, sijali, mradi uwe na mtu aliyeajiriwa kuutunza na mlango ambao mwanafunzi anaweza kuugonga.

Tatu. Mgeni anayepewa kibali na COSTECH kuchota tope letu aache nusu ya vioo hapa na afundishe angalau Mtanzania mmoja kutambua. Siyo kushika ndoo. Kutambua!

Nne. Kabla mashapo ya mto au bandari hayajachimbwa, wanyama wake waandikwe kwa majina, kama zilivyoandikwa nyumba za Kipawa.

Kuhusu mada yangu, sijaibadilisha. Fomu inatakiwa Ijumaa na nimeandika vilevile, Msimbazi, nematodi, mpaka jenasi. Wakinikatalia wataandika sababu kwa maandishi na nitaibandika hapa muisome. Natafuta watu wawili wenye macho ya uvumilivu wa kuchora, na yeyote mwenye viatu vya mpira namba 9 vya kuazima. Maji yanatoka Jumamosi asubuhi.

Kama unapinga, karibu kwenye maoni hapo chini, ila njoo na hoja. Utani wa dawa za minyoo nimeshausikia wote.

Naomba kuwasilisha.