D sio bekapu, wacheni kujidanganya

Wasee, kuhamisha mafaili kutoka C kwenda D halafu unariseti laptopu sio bekapu. Mara nyingi C na D ni diski moja imegawanywa tu. Ni kama kutoa pesa mfuko wa kushoto ukaweka wa kulia, halafu suruali iibiwe. Windows ikiuliza kama ifute diski zote na ukubali, D pia imeenda.

Na usiniambie "fundi ataangalia." Fundi analipwa mashine iwake. Picha za marehemu shosho yako hazimhusu.

Google Drive inakupa GB 15 bure. Hazitoshi? Tafuta diski ya nje. Kopi, chomoa, jaribu kufungua mafaili kwa mashine ingine. Yakifunguka, sasa riseti.

Huna pesa ya diski? Basi riseti ingoje.