Kutoka Hospitali Sio Mwisho wa Matibabu

Juma hili twataka kusema juu ya mgonjwa wa moyo aliyeruhusiwa kurudi nyumbani. Hapa Lubumbashi, mtu akitoka Sendwe au hospitali ya Chuo Kikuu, majirani wa Katuba au Ruashi huja kumpa pole, na wote hudhani kazi imekwisha. Kumbe ndiyo kwanza inaanza.

Matibabu ya moyo yana sehemu ya pili, nayo ni kuurudishia moyo nguvu. Mgonjwa hufundishwa kutembea na kujizoeza polepole, kwa kipimo cha mganga. Hufundishwa pia habari za dawa, chakula, kuacha tumbako na kutuliza hofu. Waganga wamechunguza miaka mingi, wakaona kwamba aliyepatwa na shambulio la moyo akifuata mafundisho hayo, hatari ya kulazwa tena hupungua, na hatari ya kufa kwa moyo vilevile.

Ni nini basi kinachozuia? Umbali na nauli twavijua sote. Lakini kiko kizuizi tunachoweza kukiondoa wenyewe, nacho ni kutokuelewa. Karatasi ya mganga huandikwa kwa Kifaransa. Mama asiyekijua atatambuaje kwamba «sans sel» maana yake ni bila chumvi? Humpikia mgonjwa makayabu kwa upendo mwingi, asijue kwamba chumvi ya samaki yule yamdhuru. Mwingine huacha dawa za tansio kwa kuwa kichwa hakimwumi. Kumbe tansio huweza kupanda bila dalili yoyote. Wengine humlaza mgonjwa kutwa, wakidhani kila hatua yauchosha moyo.

Kuuliza si aibu. Mwambieni mganga au muuguzi: «Tafadhali, tuelezeni kwa Kiswahili.» Kisha myarudie mliyosikia kwa maneno yenu, naye awasahihishe. Ulizeni mambo haya: dawa zipi, saa gani na hata lini, chakula gani, atembee kiasi gani, na dalili zipi za kumrudisha hospitali. Miguu ikivimba, uzito ukizidi kilo 2 kwa siku 3, au pumzi ikimbana alalapo chali, msingoje Dominika ipite. Kifua kikimkaza kwa maumivu, mpelekeni saa ileile.

Ninyi wanafunzi, mna kazi hapa. Msomeeni babu karatasi yake, mkamweleze maana. Neno msilolijua msilibahatishe. Liulizeni kwa muuguzi.

Wala mtu asiache dawa akisema kwamba sala zatosha. Kitabu cha Yoshua bin Sira, sura ya 38, chatufundisha kumheshimu mganga na kutodharau dawa. Basi tuwaombee wagonjwa wetu, kisha tuwashike mkono, tutembee nao.